Punje Nyekundu Chunguni: Vijana Wanavyojifunza Seli na Urithi kwa Mikono Yao

Miongoni mwa mada za biolojia zinazofundishwa katika shule za sekondari, seli na jenetiki, yaani elimu ya namna sifa zinavyorithiwa kutoka kwa wazazi hadi kwa watoto, zina ugumu wa aina yake. Mwalimu anayefundisha moyo anaweza kununua moyo wa mbuzi buchani na kuupasua mbele ya darasa, na anayefundisha mizizi anaweza kung'oa mche shambani, lakini seli ni ndogo mno kwa jicho, na jeni, ambayo ni sehemu ya maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli hiyo, ni ndogo zaidi. Kwa hiyo mwanafunzi huombwa aamini kabla hajaona, naye hufanya kile ambacho kila mwanafunzi hufanya akikosa kuona: hukariri. Matokeo yake ni kwamba kijana anaweza kuchora seli ya mmea akaziandikia sehemu zake zote majina pasipo kosa, na bado asitambue kuwa kachumbari aliyoila mchana ilikuwa imejaa seli hizo hizo.

Kazi za mikono hupendekezwa kama dawa ya tatizo hili, na ni kweli kwamba zinafaa, ingawa si zote zinazofaa kwa kiwango kimoja. Kufinyanga seli kwa udongo na kuipaka rangi ni kazi inayofurahisha, lakini mwanafunzi anayeifanya mara nyingi hunakili kwa udongo mchoro ule ule ambao angeunakili kwa penseli. Kazi inayostahili kipindi kizima ni ile ambayo mkono wa mwanafunzi unaleta jibu ambalo yeye mwenyewe hakulitarajia, naye akalazimika kulitafutia sababu.

Kitunguu maji ni mwanzo mzuri, kwa kuwa hakikosekani sokoni na seli zake ni kubwa kiasi, nyingi zikiwa na urefu unaokaribia theluthi moja ya milimita. Kitunguu hukatwa vipande vinne, magamba yake yakatenganishwa, kisha upande wa ndani wa gamba, ule uliobonyea, hubanduliwa utando mwembamba unaopitisha nuru. Utando huo hutandazwa juu ya tone la maji kwenye kipande cha kioo, ukatiwa tone la ayodini, dawa ile ile ya kahawia inayopakwa kwenye vidonda, ambayo hukolea kwenye kiini cha seli na kukifanya kionekane. Kioo chembamba cha kufunikia huteremshwa kwa kulazwa upande mmoja kwanza, taratibu, kwa sababu kikiangushwa ghafla hewa hunaswa chini yake. Na darasani mambo huharibika hapa kuliko mahali pengine popote, kwani wanafunzi wengi huchora viputo vya hewa, vile viduara vizuri vyenye ukingo mweusi, wakidhani ndizo seli. Mwalimu hana haja ya kuwakemea. Akiwaambia wakigonge kioo kidogo kwa ncha ya penseli, kiputo huteleza na kubadili umbo, ilhali seli, zilizopangika kama matofali ya ukuta, hubaki mahali pake. Pale ambapo hadubini, chombo cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho, ni moja kwa darasa zima au haipo kabisa, tone dogo la maji lililowekwa juu ya lenzi ya kamera ya simu hufanya kazi ya kioo cha kukuzia, na mistari ya seli za kitunguu huweza kutambulika, japo haitakuwa dhahiri kama chini ya hadubini.

Kitunguu chekundu huongeza jambo jingine. Ngozi ya zambarau iliyo upande wa nje wa gamba ikitazamwa katika maji, rangi huijaza seli nzima hadi kingo zake. Likidondoshwa tone la maji ya chumvi nyingi, baada ya dakika chache rangi hiyo hujikunja na kuachana na kingo, ikabaki bonge dogo katikati ya chumba kitupu. Hapo mwanafunzi huona kwa macho yake kuwa seli ya mmea ina vitu viwili ambavyo kitabuni vilionekana kama mstari mmoja tu: ukuta wa seli, ulio mgumu na haukusogea, na utando wa seli, ulio laini na uliosinyaa pamoja na vilivyomo ndani baada ya maji kutoka. Utokaji huo wa maji, yakipita katika utando kutoka kwenye chumvi kidogo kwenda kwenye chumvi nyingi, huitwa osmosisi. Mwanafunzi aliyewahi kutengeneza kachumbari amekwisha kuufanya bila kulijua jina lake, kwani kitunguu kilichokatwa kikisuguliwa kwa chumvi hutoa maji na kulegea.

Baada ya kuona seli kinachofuata ni kupata hisia ya ukubwa, na hapa hesabu hufanya kazi kuliko picha. Tuseme seli moja ya mwili wa binadamu, yenye upana wa maikromita 20, yaani sehemu 20 kati ya milioni moja za mita, imekuzwa mpaka ikalingana na chumba cha darasa chenye upana wa mita 8. Kila kitu kimekuzwa mara 400,000. Kiini cha seli, ambacho ndicho ghala la maelekezo ya urithi, kitakuwa na upana wa takribani mita 2 na nusu, yaani kiasi cha kibanda kidogo kilichojengwa katikati ya darasa. Ndani ya kibanda hicho imo DNA, ule uzi wa kikemikali ulioandikwa maelekezo yenyewe, na kwa kipimo hicho unene wake haufiki milimita moja, lakini urefu wake wote ukijumlishwa ni kilomita 800, kwa kuwa DNA ya seli moja halisi ikinyooshwa ina urefu wa takribani mita 2. Kilomita 800 ni safari inayokaribia barabara yote ya kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya. Wanafunzi wakipewa uzi wa kushonea wa mita kumi na kuambiwa waukunje ndani ya kibweta cha kiberiti bila kufungamana, kisha wautoe tena, huelewa mara moja kwa nini seli haiwezi kuusokomeza tu uzi wake bali huuzungushia kwenye viduara vya protini, kama fundi cherehani anavyozungushia uzi kwenye kijiti chake, na kwa nini seli inapokaribia kugawanyika uzi huo hukazwa na kuwa vifungu vifupi vinene vinavyoitwa kromosomu. Binadamu ana kromosomu 46 katika kila seli ya kawaida, idadi ambayo, jambo la kushangaza, haikujulikana kwa usahihi mpaka mwaka 1956.

DNA yenyewe inaweza kutolewa kwa vifaa vya jikoni. Nusu ya ndizi mbivu hupondwa, ikachanganywa na robo kikombe cha maji ya vuguvugu, kijiko kidogo cha chumvi na vijiko viwili vidogo vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kisha huchujwa kwa kichujio cha chai. Sabuni huvunja utando wa seli na wa kiini kwa kuwa tando hizo zina mafuta, kama inavyoondoa mafuta kwenye sufuria. Chumvi husaidia nyuzi za DNA zisisukumane bali zikusanyike. Na matone machache ya maji ya papai bichi, ambalo wapishi wengi hulitumia kulainisha nyama ngumu, hukatakata protini zilizoushikilia uzi. Mwishoni spiriti iliyolala kwenye friji humiminwa polepole kupitia ubavu wa bilauri, mbali na moto wowote, ikaelea juu ya maji ya ndizi, na kwenye mpaka wa vimiminika hivyo viwili huanza kujitokeza utando mweupe wenye nyuzi, unaoweza kuzungushwa kwenye kijiti na kuinuliwa. Mwalimu anapaswa kusema wazi kile kinachoonekana: ni fungu la nyuzi kutoka mamilioni ya seli, zikiwa zimechanganyika na vitu vingine vya ndizi, na hakuna jicho litakaloona humo umbo lenyewe la DNA, ile ngazi iliyosokotwa iliyoelezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, kwa msaada mkubwa wa picha za eksirei zilizotoka katika maabara ya Rosalind Franklin mjini London. Kijana akiambiwa kuwa ameiona ngazi hiyo atakuwa ameongopewa, na uongo wa namna hiyo ndio unaomrudisha kwenye kukariri.

Kutoka kwenye uzi hadi kwenye urithi daraja zuri ni kandambili. Jozi tatu za ukubwa tofauti, ya mtoto mdogo, ya kijana na ya mtu mzima, huwekwa chini na kuwakilisha jozi tatu za kromosomu, ambapo mguu wa kulia wa kila jozi umetoka kwa baba na wa kushoto kwa mama. Miguu ya jozi moja hufanana sana lakini si ile ile, na ndivyo zilivyo kromosomu za jozi moja. Mwanafunzi huagizwa kutengeneza yai au mbegu ya kiume kwa kuchukua mguu mmoja tu kutoka kila jozi, na darasa zima likishachukua, huhesabiwa michanganyiko tofauti iliyopatikana, ambayo haiwezi kuzidi minane. Kwa jozi 23 za binadamu, hesabu hiyo hiyo ya kuzidisha kwa mbili kwa kila jozi hufika 8,388,608, na hiyo ni kwa mzazi mmoja. Watu husema mtoto amemchukua babu yake, na usemi huo una ukweli ndani yake, ila kandambili zinaonyesha kuwa hakumchukua babu mzima; amechukua miguu kadhaa iliyokuwa ya babu, na mingine ikaachwa.

Kazi inayobeba uzito kuliko zote huanzia hapa, nayo haihitaji zaidi ya punje za maharage. Sharti pekee ni kwamba punje nyeupe na nyekundu zilingane ukubwa, mkono usije ukazitofautisha gizani. Mfano unaofaa kwa vijana wa Afrika Mashariki ni ugonjwa wa selimundu, ambao kwa Tanzania peke yake watoto wanaozaliwa nao wanakadiriwa kufikia 11,000 kila mwaka. Jina lenyewe limebeba picha: chembe nyekundu ya damu, ambayo kwa kawaida ni duara laini lililobonyea katikati, hupinda kama mundu inapopungukiwa oksijeni, ikawa ngumu na kukwama katika mishipa myembamba. Chanzo ni badiliko dogo katika jeni moja, ile inayotoa maelekezo ya sehemu ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa kila mzazi. Nakala ya kawaida huandikwa A nayo huwakilishwa na punje nyeupe, na iliyobadilika huandikwa S nayo ni punje nyekundu. Mwenye AA hana ugonjwa wala haubebi, mwenye SS anaugua, na mwenye AS huitwa mbebaji, kwa kuwa kwa kawaida haugui lakini anaweza kumrithisha mtoto wake nakala ya S.

Kila mwanafunzi hupewa mifuko miwili, wa baba na wa mama, na kila mmoja una punje kumi nyeupe na kumi nyekundu, yaani wazazi wote wawili ni wabebaji. Huingiza mkono bila kutazama, akatoa punje moja kutoka kila mfuko, akaandika mtoto aliyepatikana, kisha akazirudisha punje mifukoni na kutikisa. Hufanya hivyo mara nne, kwa watoto wanne. Kabla ya kuanza, mwalimu huwauliza wanatarajia nini, na jibu la wengi huwa ni lile lile: kwa kuwa kitabu kimesema mtoto mmoja kati ya wanne, basi kila familia itakuwa na mgonjwa mmoja na wazima watatu.

Maharage hayakubali. Katika darasa la wanafunzi 40, familia zenye mgonjwa mmoja hasa hukaribia 17; zisizo na mgonjwa hata mmoja hukaribia 13; zenye wagonjwa wawili hukaribia 8; na mara nyingi hutokea familia moja au mbili zenye wagonjwa watatu kati ya wanne. Hata hivyo watoto wote 160 wa darasa wakijumlishwa ubaoni, wagonjwa huangukia karibu na 40, ambayo ni robo kamili iliyotabiriwa. Robo ipo, lakini haikai ndani ya kila nyumba. Kila mara mkono unapoingia mfukoni punje ni zile zile ishirini, na mfuko haukumbuki kilichotoka mara iliyopita.

Sentensi hiyo ya mwisho haina faida ya mtihani pekee. Wapo wazazi ambao, baada ya kuambiwa kuwa uwezekano ni mmoja kati ya wanne na wakiwa tayari na mtoto mmoja mgonjwa, huamini kwamba watatu watakaofuata wamekwisha kusalimika. Na wapo wanaomwelekezea mama lawama yote, ilhali haiwezekani mtoto kuwa na punje mbili nyekundu kama mfuko wa baba haukutoa mojawapo. Kijana aliyezitoa punje kwa mkono wake mwenyewe, na akaona familia ya jirani yake wa dawati ikipata watatu wakati yake haikupata hata mmoja, hayuko mbali na kulielewa jambo hilo kwa undani kuliko mtu mzima aliyelisikia kwa maneno tu.

Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno ambao leo umo katika Jamhuri ya Cheki, alikabiliwa na fujo hiyo hiyo ya namba. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1866 alihesabu mbegu 7,324 za njegere, ambazo 5,474 zilikuwa za mviringo na 1,850 zenye mikunjo, uwiano unaokaribia sana tatu kwa moja. Vitabu vya shule hutaja jumla hiyo na kuishia hapo. Lakini Mendel aliandika pia kwamba mche mmoja ulimpa mbegu 43 za mviringo na 2 tu zenye mikunjo, na mwingine ukampa 14 kwa 15. Angepanda miche michache tu asingeona kanuni yoyote. Wanafunzi wakipewa namba hizi baada ya zoezi la mifuko, si kabla yake, huzitambua kama mambo yaliyowapata wao wenyewe.

Lipo zoezi moja maarufu ambalo lingefaa kuachwa. Vitabu vingi huwataka wanafunzi kuangalia nani anaweza kukunja ulimi na nani ana ncha ya chini ya sikio iliyoshikana na shavu, kisha waulize nyumbani na kuchora mti wa ukoo, kana kwamba kila sifa kati ya hizo inaendeshwa na jeni moja. Habari ya ulimi ilitokana na andiko la mwanajenetiki Alfred Sturtevant la mwaka 1940. Mwaka 1952 Philip Matlock aliwachunguza mapacha wa kufanana jozi 33, ambao jeni zao ni zile zile, akakuta jozi 7 ambamo mmoja aliweza kukunja ulimi na mwenzake hakuweza. Sturtevant mwenyewe baadaye aliona haya kuona dai lake likiendelea kufundishwa. Kosa hili si la kitaaluma tu. Kijana anayeambiwa kuwa wazazi wasioweza kukunja ulimi hawawezi kuzaa mtoto anayeweza, na yeye anaweza, hurudi nyumbani na shaka ambayo mwalimu hakuwa na haki ya kumpandikizia. Maharage hayana baba wala mama wa kutiliwa shaka.

Zoezi la mwisho huendeleza punje zile zile kwa vizazi kadhaa. Vyungu viwili huwekwa mbele, kila kimoja kikiwa na punje 75 nyeupe na 25 nyekundu. Kimoja ni nchi yenye malaria na kingine ni nchi isiyo nayo. Kila kundi hutoa punje mbili mbili mpaka watoto hamsini wapatikane. Katika vyungu vyote viwili watoto wa SS huondolewa, kwa kuwa zoezi linaanzia zama ambazo hapakuwa na matibabu. Katika chungu cha malaria kuna kanuni ya ziada: kila mtoto wa AA hurushiwa sarafu mbili, na zikianguka zote upande wa kichwa huhesabiwa kuwa malaria imemchukua. Mtoto wa AS hapiti kwenye sarafu, maana wabebaji wana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Punje za waliosalia huhesabiwa, chungu kikajazwa upya hadi punje 100 kwa uwiano huo, na kizazi kipya kikaanza.

Katika chungu kisicho na malaria, punje nyekundu hushuka kutoka 25 kuelekea 20, kisha 17, 14, na baada ya vizazi vitano huwa karibu 11, huku bahati ikiyumbisha namba huku na huku. Katika chungu cha malaria hushuka kidogo, kisha hugoma: huzunguka penye 20 kwa vizazi vyote ambavyo darasa litakuwa na subira ya kuvihesabu. Wanafunzi walioanza wakiwa na hakika kwamba kitu kinachoua lazima kitoweke hulazimika kueleza kwa nini hakikutoweka. Matokeo haya yana mwenzake katika historia. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa nchi hiyo mwaka 1949 akakuta wabebaji wakizidi asilimia 20 katika pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ilhali katika nyanda za juu zenye baridi walikuwa chini ya asilimia 1, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba malaria ndiyo sababu. Ramani ya Kenya ikibandikwa kando ya vyungu, wanafunzi wenyewe huamua chungu kipi kikae Mombasa na kipi kipelekwe milimani.

Ile kanuni ya kuwaondoa watoto wa SS inahitaji uangalifu, kwa kuwa katika darasa lolote la ukanda huu huenda yumo mwanafunzi anayeishi na selimundu, na si vyema aketi akitazama punje zinazomwakilisha zikitupwa kando mara baada ya mara. Mwalimu aliyejiandaa huwa na chungu cha tatu. Juu yake huandikwa matibabu yaliyopo leo: kuwatambua watoto mapema baada ya kuzaliwa, dawa na chanjo za kuwakinga na maambukizi, na haidroksiyurea, dawa ya kumeza inayouchochea mwili kutengeneza himoglobini ya aina ile anayokuwa nayo mtoto tumboni, ambayo huzuia chembe kupinda. Kanuni ya nani anasalia huachiwa darasa lipange lenyewe, nalo kwa kawaida hubishana kwa muda mrefu kuhusu sarafu ngapi zirushwe na kwa nani. Kisha mkono huingia chunguni, zinatoka punje mbili nyekundu, na safari hii mtoto anaandikwa kwenye orodha pamoja na wenzake na punje zake zinarudi chunguni.